Diski ya almasi imegoma kukata slabu Umoja, na nilinunua ile "ngumu kuliko zote"

#1 FundiBomba_Innercore · Ijumaa, saa 1:40 jioni

Wadau wa mjengo, habari za jioni. Niokoeni.

Mimi ni fundi wa mabomba, si mtu wa kukata konkriti. Nimepata kazi hapa Umoja, Nairobi: mwenye nyumba anataka choo cha nyuma kiunganishwe na laini ya maji taka iliyo mbele. Inabidi nifungue slabu, yaani sakafu ya konkriti, mistari miwili sambamba ya mita 9, jumla mita 18. Slabu ni ya inchi sita, ina BRC (wavu wa nondo) ndani. Nyumba ni ya kitambo na hiyo konkriti imekomaa haswa. Patasi inaigonga inarudi.

Nimekodi mashine ya petroli ya inchi 14. Diski nilinunua mwenyewe kule Kirinyaga Road. Nilimwambia muuzaji, "Konkriti yangu ni ngumu, nipe diski ngumu kuliko zote." Akanitolea moja akaapa ni ya kazi nzito. Mita mbili za kwanza iliingia kama kisu kwenye papai bivu. Baada ya hapo inaimba tu. Nikikandamiza, inaimba kwa sauti kubwa zaidi. Cheche, moshi, harufu ya chuma kuungua, na mfereji hauongezeki hata milimita. Kijana wangu wa mkono anasema tumeuziwa feki.

Meno yote yapo, hayajaisha. Nikiyapapasa ikiwa imezimwa ni laini kama kioo. Kesho asubuhi mwenye nyumba anarudi na mashine inalipiwa kwa siku. Nifanye nini?

---

#2 KijanaWaMkono · saa 1:52 jioni

Rudisha dukani. Hiyo ni feki bosi. Siku hizi hata almasi wanachanganya na unga wa ugali.

---

#3 MzeeWaGrinda · saa 2:15 usiku

Fundi, kabla ya kumrudia muuzaji wa watu, nisomee maandishi yaliyo kwenye diski. Yote. Hata yale madogo karibu na tundu.

---

#4 FundiBomba_Innercore · saa 2:21 usiku

Mzee, imeandikwa 350 mm, tundu 25.4 halafu wameweka pete ya kushusha hadi 20. Kuna mshale, kuna mzunguko wa juu 5,400 kwa dakika. Na kuna picha ya barabara, imeandikwa kwa Kiingereza lami na konkriti changa.

---

#5 MzeeWaGrinda · saa 2:48 usiku

Basi hujaibiwa. Umepewa ulichoomba, na ulichoomba kilikuwa kinyume cha unachohitaji.

Sikiliza, nitaeleza polepole maana hili limewala wengi. Nimekata konkriti hapa Nairobi miaka kumi na tisa na miaka miwili ya kwanza nilifanya kosa hilohilo.

Lile jino la diski si almasi tupu. Ni unga wa madini, kobalti, chuma, shaba na kadhalika, umechanganywa na punje za almasi ukapikwa kwa joto na kukandamizwa. Punje ndizo zinazokata. Yale madini kazi yake ni kuzishika, na wengine huyaita bondi. Sasa, punje ikishatumika inachakaa, inakuwa butu. Ili diski iendelee kukata, lazima bondi ilike kidogo, ile punje butu idondoke, na nyingine kali iliyo chini yake itokeze. Diski nzuri ni ile inayolika kwa kiasi. Isiyolika imekufa, hata kama meno yote yapo.

Nani anayeila bondi? Ni vumbi la kile unachokata. Lami na konkriti changa zina mchanga ambao haujashikwa vizuri, unasugua kama msasa. Hapo unahitaji bondi ngumu, la sivyo meno yataisha mchana mmoja. Konkriti iliyokomaa miaka thelathini, yenye kokoto ngumu, inatoa vumbi laini kama poda. Haisugui bondi. Hapo unahitaji bondi laini, ili ilike haraka na punje mpya zitokeze.

Kwa hiyo: kitu kigumu, diski laini. Kitu laini chenye kukwaruza, diski ngumu. Wewe umeenda dukani ukaomba ngumu kwa ngumu. Zile mita mbili za kwanza zilienda kwa sababu diski mpya hutoka kiwandani punje zikiwa wazi. Zilipokuwa butu, bondi ikakataa kuziachia. Ndiyo maana meno ni kioo.

Na acha kukandamiza. Unapasha chuma moto bure.

---

#6 Kokoto_Nyeusi · saa 3:05 usiku

Mzee amemaliza, ila niongeze jambo la hapa kwetu kwa sababu mimi nimefanya kazi kwenye machimbo.

Watu wanauliza "konkriti yako ni ya kiwango gani", moja mbili nne (simiti, mchanga, kokoto) au vipi. Sawa, inahesabika. Lakini diski haikutani na simiti peke yake. Sehemu kubwa ya ile slabu ni kokoto. Na kokoto ya Nairobi, hii inayotoka pande za Mlolongo na Katani, ni lile jiwe la rangi ya buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Wanajiolojia huliita fonolaiti. Ni jiwe la volkano, punje zake ni ndogo mno na zimeshikana kweli. Ukilipiga nyundo linalia kama kengele.

Linganisha na yale mawe ya kujengea ya Ndarugo kule Juja. Nalo ni la volkano, lakini ni majivu yaliyogandamana, ndiyo maana wanalikata kwa mashine huko machimboni kama keki. Mji mmoja, mawe mawili, na hakuna diski moja itakayoyafurahia yote mawili.

Kwa hiyo kabla ya kununua diski, vunja kipande cha konkriti utazame ndani. Ukiona kokoto nyeusi-buluu zimekatika katikati badala ya kung'oka kutoka kwenye simiti, jua simiti imezikamata barabara na utakuwa unakata jiwe lenyewe. Tafuta diski iliyoandikwa konkriti ngumu au konkriti kavu iliyokomaa, yenye bondi laini. Kwenye makaratasi mengi ya watengenezaji utaikuta kundi moja na graniti.

---

#7 KijanaWaMkono · saa 3:09 usiku

Kwa hiyo mtu akitaka diski ya jiwe gumu aombe laini? Muuzaji si atanicheka.

---

#8 DukaLaVifaa · saa 3:30 usiku

Mimi ni muuzaji, siko Kirinyaga Road ila biashara ni ileile. Tunacheka, ndiyo, lakini si kwa sababu hiyo. Wateja kumi wakija, tisa wanasema "nipe kali" au "nipe ya bei ya chini". Mmoja tu ndiye atakwambia anakata nini, na mashine yake ni ipi. Nikimuuliza mteja "unakata nini?" anadhani nampeleleza.

Njoo na mambo manne: unakata nini, unene kiasi gani, mashine gani, una maji au huna. Nikikosea hapo nilaumu mimi.

Na jambo la mashine watu hulisahau. Mashine ndogo haina nguvu ya kuifanya bondi ilike, kwa hiyo inataka diski laini zaidi. Ile mashine kubwa ya kusukuma sakafuni yenye injini ya farasi 13 inaweza kubeba bondi ngumu kidogo kwenye konkriti ileile. Kuna mtu aliniletea malalamiko kwamba diski iliyomfaa jirani yake imemgomea. Jirani ana mashine ya kusukuma. Yeye alikuwa na grinda ya mkono.

---

#9 Chuga_Zege · saa 3:41 usiku

Wakuu salaam, nawasoma kutoka Arusha. Mimi tatizo langu ni kinyume. Huku nafyatua na kukata tofali za saruji, na diski yangu iliyoandikwa zege gumu inaisha kama sabuni. Wiki moja meno yameisha. Tena chini ya meno chuma chenyewe kimekuwa chembamba, jino moja liliruka likapita karibu na sikio langu. Ninyi mnaita konkriti, sisi zege, lakini sikio ni lilelile.

---

#10 MzeeWaGrinda · saa 3:58 usiku

Chuga, wewe ni ndugu pacha wa Fundi, mmezaliwa mkaangalia pande tofauti. Tofali ya saruji inakwaruza vibaya, ni mchanga mtupu. Umeikata kwa diski laini, kwa hiyo inalika mbio. Tafuta yenye bondi ngumu ya kukata tofali au lami.

Huko kupungua kwa chuma chini ya meno ni hatari kuliko kuisha kwa meno. Ule uji wa mchanga unazunguka na kukila chuma pale jino lilipoungwa, mpaka jino linabaki limeshikwa na uzi tu. Diski za lami na konkriti changa huwa na meno marefu machache yanayoshuka chini kuelekea katikati kulinda sehemu hiyo. Hiyo uliyonayo usiitumie tena hata dakika moja. Sikio hukuwa umelipoteza, usirudi kulitafutia bahati.

---

#11 FundiBomba_Innercore · saa 4:10 usiku

Nimeelewa, na nimeona haya kidogo. Lakini saa hizi maduka yamefungwa na kesho saa mbili niko saiti. Hakuna njia ya kuiamsha hii?

---

#12 Kokoto_Nyeusi · saa 4:16 usiku

Ipo. Tafuta kitu kinachokwaruza, ukikate ili kiile bondi. Jiwe la Ndarugo, bloku ya simiti, au tofali la udongo lililochomwa. Umoja hukosi jiwe la Ndarugo, kila kona kuna mtu anaongeza chumba. Kata mifereji kama kumi, kina cha inchi moja au mbili, bila haraka. Kisha zima, subiri isimame, papasa jino. Likikwaruza kidole, punje zimetokeza.

Angalia pia unaizungusha upande wa mshale. Nyuma ya kila punje bondi huacha kijimkia cha kuiegemeza, ukigeuza diski kile kijimkia kinakuwa mbele na punje zinang'oka ovyo.

---

#13 MzeeWaGrinda · saa 4:22 usiku

Itaamka, lakini italala tena. Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu. Nunua inayofaa kesho.

---

#14 Injinia_MamaSaiti · saa 4:55 usiku

Naingia kwa kuchelewa, nilikuwa nalaza watoto.

Fundi, nina maswali matatu ambayo hakuna aliyekuuliza. Una maji? Kijana wako amevaa nini usoni? Na hiyo slabu imelala ardhini au inaning'inia?

---

#15 FundiBomba_Innercore · saa 5:01 usiku

Slabu iko ardhini, juu ya hadikoo (mawe yaliyoshindiliwa). Maji leo hayakuwa, mfereji hapa hutoka siku mbili kwa wiki. Tulikata kavu. Kijana alifunga fulana puani.

---

#16 Injinia_MamaSaiti · saa 5:34 usiku

Sawa. Ikiwa iko ardhini nimepumua. Ingekuwa ya ghorofani ningekwambia zima mashine hadi mhandisi wa jengo aseme. Ukikata chuma cha slabu inayoning'inia hujaonekana kuvunja kitu siku hiyo, ila umeondoa kilichokuwa kinaibeba. Hata hivyo ya ardhini nayo hupitishiwa mabomba ya maji na paipu za stima. Wewe ni mtu wa mabomba, unajua yanavyopitishwa bila mpango. Zima stima ya chini kwenye bodi kabla ya kukata.

Kuhusu fulana. Konkriti ina mchanga, mchanga una silika, na diski inaisaga iwe vumbi dogo ambalo jicho halilioni na fulana hailizuii. Vumbi hilo linakaa kwenye pafu na kulitia makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi, na hauna tiba ya kuuondoa. Hauji kesho. Unakuja ukiwa na miaka arobaini na tano, unapanda ngazi unasimama katikati. Nimefanya kazi na fundi wa terazo aliyekuwa akinitania kila nikimpa barakoa. Sasa ananunuliwa dawa na wanawe.

Kwa hiyo maji kwanza, barakoa ya N95 au FFP3 pili, ikae sawasawa usoni bila mwanya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na hapo mwajiri wa huyo kijana ni wewe, usimwangalie mwenye nyumba. Miwani pia, na vizibo vya masikio, hiyo mashine ya petroli haina huruma.

Maji hayahitaji mfereji. Mashine za mkono hutumia kama lita moja kwa dakika, nusu ukiibana. Mtungi mmoja wa lita 20 unakupa dakika ishirini za kukata kwelikweli. Chukua ile pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa ya mimea, ioshwe vizuri, uunganishe mpira wake kwenye mdomo wa maji ulio kwenye kinga ya mashine. Mitungi sita itakutosha kuanza. Jirani akilalamikia tope, mwambie tope linafagiliwa, vumbi linavutwa.

---

#17 KijanaWaMkono · saa 5:40 usiku

Dada umenitisha. Mimi nimekata kavu miaka mitatu.

---

#18 Injinia_MamaSaiti · saa 5:46 usiku

Lengo langu si kukutisha. Nenda kapigwe picha ya kifua, waambie kazi yako ni gani. Kuanzia kesho, maji.

---

#19 ZegeLaRuiru · Jumamosi, saa 12:30 asubuhi

Samahani kuingilia uzi wa mwingine, lakini swali langu ni dada yake. Nina sakafu ya godauni hapa Ruiru, unene 150 mm, tunamwaga Jumanne. Nimeambiwa nikate viungo, yaani mifereji sakafuni, la sivyo itapasuka yenyewe. Nikate lini, kina gani, na kwa diski gani? Foromani wangu anasema nisubiri siku saba ikauke.

---

#20 Injinia_MamaSaiti · saa 1:10 asubuhi

Ukisubiri siku saba utakuta imeshajichorea mistari yake yenyewe, na haitachora ulikotaka.

Konkriti ikianza kukauka inasinyaa. Kusinyaa huko lazima kutokee mahali, kwa hiyo unaitengenezea mstari dhaifu ili ufa ushuke humo, usionekane. Kina ni robo hadi theluthi ya unene. Kwako ni kama milimita 40 hadi 50. Umbali wa mstari hadi mstari, chukua unene zidisha mara 24 hadi 30, unapata mita 3.6 hadi 4.5. Vipande kati ya mistari viwe karibu na mraba, epuka vile virefu kama mkanda.

Saa ndiyo kazi. Mapema mno, diski inang'oa kokoto na ukingo unavunjikavunjika. Ukichelewa, ufa umekutangulia. Kwenye joto la Februari unaweza kuwa unakata saa sita hadi kumi na mbili baada ya kumaliza kulainisha. Kwenye baridi hii ya Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 11 au 12, konkriti inachelewa kushika, huenda ikafika saa kumi na nane au zaidi. Usiamini saa peke yake. Jaribu mstari mfupi pembeni: ukingo ukitoka safi, anza. Ukitoka umemeguka, kunywa chai urudi. Hii maana yake mtu wa mashine lazima alale saiti. Nimewahi kukata saa nane usiku kwa taa ya gari.

Diski: hiyo ni konkriti changa. Mzee ameshaeleza. Mchanga haujashikwa, unasugua. Unataka bondi ngumu, ile ya lami na konkriti changa.

---

#21 DukaLaVifaa · saa 1:25 asubuhi

Nacheka peke yangu dukani. Kuna mtu kwenye uzi huu anayo moja na haitaki.

---

#22 FundiBomba_Innercore · saa 6:15 mchana

Ripoti kutoka saiti.

Asubuhi nilipata jiwe la Ndarugo kwa jirani anayejenga kibanda, nikalikata mifereji kumi na mbili. Wallahi nilikuwa sijaamini. Jino lilirudi kukwaruza. Tukarudi kwenye slabu, tukaweka maji kwa pampu ya mgongoni, ikaingia. Mita moja na nusu. Halafu ikaanza kuimba tena, kama Mzee alivyosema. Nikairudisha kwenye jiwe, mita nyingine moja. Nikaona hapa nitakuwa nakata jiwe la jirani kuliko slabu ya mteja.

Nimepanda bodaboda hadi Industrial Area, nimetaja mambo manne ya DukaLaVifaa kama mtu anayesoma shairi. Jamaa akanipa ya konkriti ngumu yenye chuma ndani. Ni ghali, karibu mara tatu ya ile. Hapo ndipo nataka ushauri kabla sijaifunga: nimelipa kupita kiasi?

---

#23 Mjengo_Hesabu · saa 6:40 mchana

Usipige hesabu ya diski, piga ya mita. Tuseme diski ya 5,000 inakata mita 20 kisha inakufa, hiyo ni shilingi 250 kwa mita. Ya 15,000 ikikata mita 120 ni 125. Na bado hujaweka siku za kukodi mashine, petroli, na mshahara wa kijana anayekaa anakutazama ukikandamiza. Mimi mwenyewe, kwa diski ya bei rahisi, nilimlipa mwenye mashine siku mbili zaidi, nikajifunza.

Ila nami sitaki tuongope hapa. Kuna kazi ndogo, mtu anakata mita mbili za ukuta apitishe paipu ya stima, halafu hatakata tena mwaka mzima. Huyo anunue ya kawaida tu, asijivike joho.

---

#24 MzeeWaGrinda · saa 7:05 mchana

Kweli. Na msidanganywe na urefu wa jino. Jino la milimita 15 lina maisha marefu kuliko la 10, halina kasi zaidi. Kasi iko kwenye bondi na punje.

Fundi, kabla ya kuifunga:

Itundike kwenye kidole kupitia tundu, igonge chuma chake kidogo kwa mpini wa mbao. Ilie vizuri. Ikitoa sauti ya kufa kama sahani yenye ufa, irudishe. Tazama meno yalivyoungwa. Ya kuunganishwa kwa leza yanahimili joto, na ndiyo unayotaka kwenye mashine ya mkono. Yaliyochomelewa kwa fedha ni ya maji tu, maji yakikatika ile fedha inalainika na jino linaondoka. Diski inayoruhusiwa kavu unaweza kuitumia na maji. Iliyoandikwa maji usiikate kavu hata "kidogo tu". Tafuta pia maandishi EN 13236, hicho ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa zana za almasi. Na mzunguko ulioandikwa kwenye diski uwe sawa au zaidi ya wa mashine.

Zile sahani mbili zinazobana diski zifutwe tope, ziwe za ukubwa mmoja. Moja kubwa moja ndogo, diski inapinda na kuanza kuyumba.

Ukikata, usizamishe yote kwa mpigo. Pita mara ya kwanza kina cha vidole viwili kunyoosha mstari, kisha ongeza. Uzito wa mashine unatosha, mikono yako ni ya kuiongoza. Ukifika kwenye chuma cha BRC utasikia sauti inabadilika, punguza mwendo, uiache itafune. Na usikatie kwa ile robo ya juu ya mbele ya diski, itakurudia kifuani.

---

#25 Kokoto_Nyeusi · saa 7:12 mchana

Na ujue diski ya inchi 14 kwenye mashine ya mkono inashuka milimita 125 tu. Slabu yako ni 150. Zile 25 za chini zitabaki, utazimalizia kwa jakhama (nyundo ya mashine). Usijaribu kuilazimisha hadi sahani zikwaruze konkriti.

---

#26 KijanaWaMkono · saa 7:20 mchana

Swali la mwisho, si la mzaha. Mimi nina grinda ya stima ya inchi tisa. Naweza kuimwagia maji?

---

#27 Injinia_MamaSaiti · saa 7:24 mchana

HAPANA. Kama haikutengenezwa kwa maji na huna kifaa cha kukata stima ikivuja, unajimwagia stima. Ya inchi tisa tumia diski ya kavu, funga kinga yenye mdomo wa kuvutia vumbi uiunganishe na vakyumu, kata sekunde kumi au kumi na tano, iinue izunguke hewani ipoe, rudi. Itakushusha kama milimita 60. Kwa ukuta inatosha.

---

#28 Chuga_Zege · saa 7:31 mchana

Mkuu nami nina la mzaha. Zile punje za almasi nikizikusanya kwenye tope siwezi kupata pete ya mchumba?

---

#29 Mjengo_Hesabu · saa 7:36 mchana

Ni almasi za kiwandani ndugu yangu, General Electric kule Marekani waliziunda tangu 1954. Kila punje haifiki milimita moja. Mchumba atahitaji darubini, na wewe utahitaji mchumba mwingine.

---

#30 FundiBomba_Innercore · saa 12:05 jioni

Nimemaliza. Mita zote zilizobaki kwa saa mbili na nusu pamoja na mapumziko na kujaza pampu. Mitungi saba. Diski imelika kama milimita moja hivi, na kila nikiipapasa inakwaruza. Kijana amevaa barakoa siku nzima, amelalamika siku nzima. Kesho tunaingia na jakhama.

Mwenye nyumba amekuja akauliza mbona leo hatukumsumbua na vumbi. Nikamwambia ni teknolojia.

@ZegeLaRuiru, ile ya lami na konkriti changa ninayo hapa. Imekata kama mita tano za slabu na mawe ya Ndarugo, meno yote yapo. Nipe nusu ya bei niliyonunulia.

---

#31 ZegeLaRuiru · saa 12:20 jioni

Naitaka. Mashine nitakayokodi ni ya kusukuma, injini ya farasi 13, inachukua hadi inchi 18 lakini kwa kina cha 50 hiyo ya 14 inanitosha. Mhimili wake ni 25.4 na una pini ya kuzuia diski isiteleze. Yako ina tundu la pini?

---

#32 FundiBomba_Innercore · saa 12:31 jioni

Nimeitazama. Kuna katundu kengine kadogo pembeni ya lile kubwa, nilidhani ni la kutundikia msumarini. Hiyo pete ya 20 inatoka?

---

#33 MzeeWaGrinda · saa 12:34 jioni

Inatoka. Igonge polepole kwa kipande cha mbao, kutoka upande ambao haina ukingo. Na umwambie iko butu, aanze kwa kukata bloku mbili tatu kabla ya Jumanne.

---

#34 ZegeLaRuiru · saa 12:40 jioni

Nakuja kesho baada ya kanisa. Nitakupigia nikifika stejini, unielekeze.